Jicho la Kulia la Mama Ida

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumanne tarehe 14 Juni 2005, draivu iliitoa CD ya tatu. Ilikuwa imeivuta ndani, imeizungusha, imenyamaza, imeizungusha tena, kisha ikaisukuma nje kama mtoto anayekataa uji. Dakika chache kabla ya hapo draivu hiyohiyo ilisoma DVD mwanzo hadi mwisho bila kigugumizi.

"Mama Ida, hii mashine ina ubaguzi," alisema Husseni. "DVD inaikaribisha mpaka sebuleni. CD inaijibia dirishani."

"Mashine haina ubaguzi. Ina sababu."

"Basi iulize hiyo sababu, maana Jumamosi nina watu."

Husseni alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Newala, na pia kamera ya video. Alirekodi harusi na sherehe za vijana wanaotoka jandoni, akahamishia picha kwenye kompyuta, kisha akawauzia wazazi kwenye CD. DVD hazikumfaa. Deki zilizokuwa vijijini zilikuwa za CD tu, na draivu isiyoandika CD kwake ilikuwa jembe lisilo na mpini.

Winfrida, ambaye watu walimwita Mama Ida kwa jina la bintiye aliyekuwa akisoma bweni huko Lukuledi, alikuwa na miaka thelathini na minne. Meza aliyofanyia kazi ilikuwa ya baba yake, Mzee Nikolao, fundi saa aliyehudumia Newala nzima na nusu ya Tandahimba wakati saa moja ilivaliwa miaka ishirini na kutengenezwa mara kumi. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa kwa bidhaa za nje. Saa za bei ya kilo mbili za sukari zikajaa sokoni, na hakuna aliyetengeneza saa tena. Winfrida akahamia kwenye redio, kutoka redio akaenda kwenye deki, kutoka deki akafika kwenye kompyuta. Vitu vilifika kwa malori. Vitabu vya kuvieleza havikufika. Alijifunza kwa kufungua.

Kwa baba yake alirithi bisibisi, kibano, na kioo cha jichoni: kikombe kidogo cheusi chenye lenzi nene upande mmoja, kinachobanwa kwenye tundu la jicho ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Alirithi pia kanuni moja. Mzee Nikolao hakuamini kubahatisha. "Usipoona," alikuwa akisema, "sogea."

Kioo hicho alikivaa jicho la kulia. Hakuwa na la kuchagua. Alipokuwa na miaka sita, mama yake, Veridiana, alikuwa akichoma korosho uani juu ya kipande cha pipa, na ganda moja likapasuka. Mafuta ya ganda la korosho huunguza kama tindikali. Tone moja liliingia jicho la kushoto la mtoto. Tangu siku hiyo jicho hilo lilijua mchana na usiku, basi. Mengine yote aliyowahi kuyaona yalipitia jicho la kulia.

Aliifungua draivu. Kifuniko cha bati alikilaza mezani kifudifudi na kuweka kikombe cha chai juu yake.

"Tazama hapa, Baba Shamsia," alimwambia Husseni. "Unaona hiki kijilenzi kama punje ya dengu? Ni kimoja tu, lakini kinasoma sahani za namna mbili. Kwenye CD, picha zako zimelazwa mbali, karibu kabisa na upande wa jina. Kwenye DVD zimelazwa katikati, nusu ya kina hicho. Draivu kwanza inainua lenzi polepole na kupima nuru imerudi kutoka kina gani. Hapo inajua ni sahani gani."

"Mpaka hapo nakufuata."

"Lenzi yenyewe imechongwa kwa ajili ya DVD. Ikipewa CD, nuru inapita kwenye plastiki nene zaidi na doa lake linavutika, linaota mkia. Kwa hiyo draivu inapeleka umeme kidogo kwenye koili, hizi nyaya zilizoviringwa kando ya lenzi, za upande mmoja, na lenzi inainama. Pungufu ya nusu digrii. Mkia unapotea, CD inasomeka."

"Na hii ya kwangu haiinami?"

"Hilo ndilo sijui. Sijaliona."

Kuinama kwa nusu digrii hakuonekani kwa macho matupu. Winfrida alikuwa na njia yake. Aliitoa sehemu yenye lenzi, akaigeuza ielekee juu mbele ya dirisha, akaunganisha nyaya zake mwenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha majaribio. Nondo za dirisha zilijiakisi kwenye lenzi kama mistari myembamba. Lenzi ikiinama, mistari ingehama. Ilibidi tu kutazama wima ndani ya lenzi, kwa kioo cha jichoni, kwa subira.

Kabla ya hapo alijaribu taa. Ndani ya sehemu ile mna taa mbili za leza, moja ya DVD na nyingine ya CD, na alizijaribu moja baada ya nyingine juu ya karatasi nyeupe. Ya DVD iliwaka nyekundu mara tu alipogusa voliumu ya kisanduku, kile kitufe cha kuzungusha kinachoongeza umeme. Nyekundu hiyo aliijua na aliiogopa. Aliiacha sekunde mbili, akaizima, akakata waya wake.

Akahamia kwenye taa ya CD. Alizungusha voliumu robo. Karatasi ilibaki nyeupe. Akazungusha nusu. Akazungusha hadi mwisho.

"Imekufa," alisema.

"Maskini," alisema Husseni. "Tuitangazie msiba?"

Waya wa taa hiyo hakuuondoa, na voliumu aliiacha pale pale mwisho. Kitu kilichokufa hakihitaji kuzimwa. Alibana kioo jichoni, akainama mpaka ukingo wa kioo ukabaki upana wa vidole viwili kutoka kwenye lenzi, akaanza kupeleka umeme kwenye koili, mara upande huu, mara upande ule. Katikati ya lenzi aliona chembe nyekundu hafifu sana, kama kaa la moto lililofukiwa. Aliichukua kuwa mwakisi wa taa nyekundu ya kisanduku chake. Alihesabu mara thelathini kila upande. Mistari ya nondo ilihama kuelekea kulia. Kuelekea kushoto haikuhama hata mara moja. Waya wa koili ya kushoto ulikuwa umeachia kwenye kiungo chake. Ugonjwa ulikuwa umepatikana.

Husseni, kwa kuchoka kukaa, alikuwa ametoa kamera yake mkobani na kufungua kile kioo cha pembeni.

"Kaa hivyohivyo, fundi. Nitakuweka mwanzo wa sherehe ya Jumamosi, watu wajue nani aliyeokoa picha zao." Akasogea. "Mama Ida, hiyo taa ya zambarau ni ya nini?"

"Taa ipi?"

"Hiyo, ndani ya kijilenzi chako."

Winfrida aliinua kichwa na kutoa kioo jichoni. Alitazama lenzi. Hakukuwa na taa. Alimtazama Husseni kuona kama anatania, na Husseni hakuwa anatania. Alikuwa amekigeuza kile kioo cha kamera kimwelekee Winfrida. Kwenye kioo kile meza ilionekana, mkono wake ulionekana, kikombe cha chai kilionekana. Na katikati ya meza iliwaka nuru nyeupe yenye kingo za zambarau, kali kama ncha ya mashine ya kuchomelea vyuma, mpaka picha iliyoizunguka ikafifia.

Alitazama lenzi tena. Palikuwa na giza la kawaida.

Alizungusha voliumu kurudi nyuma. Kwenye kamera nuru ilififia. Akaizungusha mbele kidogo. Ikarudi.

Alizima kisanduku. Kikombe cha chai alikiweka sakafuni, akageuza kifuniko cha bati. Karatasi ya njano ya onyo ilikuwa bado imebandikwa juu yake, kama ile aliyoiona kwenye draivu zote alizowahi kufungua, zaidi ya mia. Imeandikwa Kiingereza, na Kiingereza chake cha sekondari kilitosha kabisa kuisoma. Inasema kwamba kifuniko kikifunguliwa hutoka miale ya leza isiyoonekana, na kwamba mtu asiitazame, hasa kwa vyombo vya kukuza. Aliisoma mara mbili. Miaka yote alikuwa ameliruka neno moja, isiyoonekana, kwa sababu miale aliyoifahamu ilikuwa ikionekana. Taa ya CD haikuwa imekufa: nuru yake kamera iliiona, jicho halikuiona.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Nane na dakika arobaini na moja. Kuna nini?"

"Nilianza kutazama saa ngapi?"

"Sikuangalia. Robo saa iliyopita? Mama Ida, mbona unanitisha?"

Ukutani palikuwa na kalenda ya misheni yenye tarehe ndani ya visanduku. Aliitazama tarehe 14. Aliona 13. Aliona 15. Aliona 7 juu na 21 chini. Mahali pa 14 palikuwa na doa la kijivu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Alihamisha jicho kwenye 15, na 15 ikapotea, 14 ikarudi.

Alijua kwamba mtu akitazama balbu, doa hubaki kwa dakika moja au mbili, kisha huyeyuka. Akaketi na kusubiri. Alipima kwa saa ya ukutani ya baba yake. Baada ya dakika tano doa lilikuwepo. Baada ya kumi lilikuwepo. Baada ya ishirini Husseni hakuwa na utani tena; alikuwa ameshika kamera mapajani kwa mikono miwili.

"Laiti ningeitoa mapema mkobani," alisema. "Nilikaa nayo hapa muda wote huo."

"Chukua draivu yako. Waya wa koili ya kushoto umeachia. Mwambie fundi wa Masasi aulehemu, na mwambie taa ya CD ni nzima. Mwambie asiitazame."

"Na wewe?"

"Nenda, Baba Shamsia."

Usiku hakulala vizuri. Gizani doa halikuonekana, na hilo lilikuwa baya zaidi: hakuweza kulipima. Alfajiri ya Jumatano alifungua mlango wa nje.

Hakuona kitu.

Mbele yake kila kitu kilikuwa cheupe, kuanzia kizingiti. Uzio haukuwepo, wala jiko la uani, wala madumu ya maji aliyoyapanga jana mwenyewe. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Nyuma yake alisikia kandambili za mama yake.

"Shikamoo mama," alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Mbona umesimama kama nguzo?"

"Mama, jiko unaliona?"

"Jiko lipi?"

"La uani. Unaliona kutoka hapo?"

"Nilione kwa macho ya nani? Ukungu wote huu! Hata miguu yangu siioni. Umesahau Newala mwezi wa sita?"

Winfrida aliachia mwimo. Ulikuwa ukungu. Saa mbili ulinyanyuka, jiko likarudi, madumu yakarudi, na katikati ya kila alichokitazama lilirudi doa. Alimwambia mama yake anakwenda Ndanda kununua vipuri. Veridiana alimtazama kwa muda, akamfungia mihogo ya kuchemsha, hakuuliza vipuri gani.

Saa saba mchana alikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho ya hospitali ya misheni. Mganga alikuwa mtu mrefu anayeitwa Vitalis, mpole, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza mambo matatu: nguvu ya taa, umbali, na dakika. Winfrida aliyajibu mawili. Nguvu hakuijua.

Vitalis alimsimamisha mita sita kutoka kwenye chati ya herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, kubwa juu, ndogo chini. Winfrida alionyesha kwa vidole miguu ya kila E inaelekea wapi. Mstari wa kwanza aliupata, na wa pili. Wa tatu alikosea herufi mbili. Wa nne, kila E aliyoitazama ilifutika.

Walimtia dawa ya kupanua mboni. Vitalis alimulika ndani ya jicho kwa kitambo kirefu.

"Kuna alama," alisema. "Kwenye retina, ngozi ya nyuma inayopokea picha. Ndogo, imepauka, na pembezoni ina uvimbe. Iko jirani kabisa na kitovu, pale unaposomea."

"Itapona?"

"Uvimbe unaweza kupungua. Alama yenyewe sijui."

"Inaweza kukua?"

"Sijui, mama. Ninajua ninachokiona leo. Rudi tarehe 30. Usifanye kazi ya karibu. Na kile kioo cha fundi saa usikivae."

Alirudi nyumbani siku iliyofuata na kufunga duka. Tangu hapo kila asubuhi, ukungu ukishanyanyuka, aliketi umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kalenda, akafunika jicho la kushoto kwa mazoea tu, akatazama kisanduku kimoja, akachora kwa penseli kwenye karatasi ukubwa wa doa na umbo lake. Tarehe 17 lilikuwa sawa na la jana yake. Tarehe 19 lilionekana kubwa zaidi. Alikaa siku nzima na hofu hiyo, jioni akachora tena, likawa kama la kwanza. Hakujua kama doa ndilo lililobadilika au mkono. Tangu siku hiyo alianza kulipima kwa rula.

Usipoona, sogea. Alisogea, na doa lilisogea naye.

Tarehe 22 alianza jambo lingine. Veridiana alikuwa ameenda kisimani kwa jirani. Winfrida alisimama kwenye mlango wa nyuma, akafumba jicho la kulia, akahesabu. Hatua kumi na moja hadi jikoni. Kutoka jikoni hadi madumu, nne, mkono wa kulia. Kutoka madumu hadi choo, kumi na tisa, pana jiwe kwenye hatua ya kumi na tano. Alirudia. Mara ya tatu alijikwaa kwenye jiwe na kuanguka kwa magoti, akainuka bila kufumbua, akaanza upya kutoka mlangoni.

"Unafanya nini?"

Alifumbua. Veridiana alikuwa amesimama kwenye pengo la uzio, ndoo kichwani. Haijulikani alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

"Hakuna, mama."

"Winfrida."

"Natafuta pete."

"Pete haitafutwi macho yakiwa yamefumbwa." Veridiana aliitua ndoo chini polepole, tone halikumwagika. "Ulikuwa na miaka sita ulipofanya hivihivi. Ulihesabu kutoka kitandani hadi kwangu, ukifumba hili zima, ili uzoee kama lingekufa na lenyewe. Ulidhani sikuoni. Ni lipi sasa?"

Mama yake aliona goti linalotoka damu, akaona karatasi za penseli zilizobanwa chini ya jiwe kibarazani.

"Ni la kulia," alisema Veridiana. Haikuwa swali.

"Kidogo, mama. Katikati tu."

"Nani alikuchomea?"

"Sikuchomewa na mtu. Nilitazama."

Veridiana aliinama na kuchota maji kwa kiganja, akamwosha goti. Mikono yake ilikuwa na makovu meusi ya mafuta ya korosho mpaka kwenye vifundo, ya miaka arobaini. Alipomaliza aliliendea lile jiwe la hatua ya kumi na tano, akalitikisa, akaling'oa, akalitupa nje ya uzio.

Husseni alipita tarehe 26. Draivu ilikuwa imelehemewa Masasi na ilikuwa inaandika CD. Hakuleta kamera. Alikaa kibarazani dakika kumi, akasema sherehe ilikuwa nzuri, na kwamba watu walimuulizia Mama Ida.

"Lile doa?" aliuliza akiwa amesimama kuondoka.

"Milimita nne kwenye kalenda. Lilikuwa sita."

"Basi linapungua!"

"Tangu juzi limesimama kwenye nne."

Alhamisi tarehe 30 Juni alikuwa Ndanda saa nne kasoro robo, safari hii na mama yake. Veridiana hakukubali kubaki. Aliketi kwenye kiti cha ukutani ndani ya chumba cha kliniki, mikono imefichwa ndani ya kanga, akiitazama ile chati kana kwamba yeye ndiye atakayeulizwa.

Vitalis alimulika kwanza bila kutia dawa, akasema uvimbe umeondoka na alama imebaki. Kisha akamsimamisha mahali palepale, mita sita.

Winfrida alisoma mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kosa. Kwenye wa nne alisimama. Aliitazama E ya kwanza, nayo ilifutika. Alitazama ya pili, ikafutika. Vidole vyake vilikuwa vimeinuliwa hewani na havikuelekea popote.

"Usiharakishe," alisema Vitalis.

Aligeuza kichwa kushoto, kiasi cha upana wa kidole, akatazama kando ya E badala ya E yenyewe. Akasubiri. Akageuza kidogo tena, chini ya hapo, kama mtu anayezungusha skrubu ndogo kabisa. Kisha vidole vyake vikaelekea juu. Kulia. Chini. Kulia. Alimaliza mstari wa nne. Alisoma wa tano, polepole, akirekebisha kichwa kwa kila herufi. Kwenye wa sita alipata E nne kati ya tano. Wa saba hakuona kitu.

Vitalis alikwenda mezani akaandika kwenye kadi: jicho la kulia, mstari wa sita, kichwa kimegeuzwa kushoto. Alitazama saa yake, akaongeza wakati: saa nne na dakika ishirini.